Kaburi la Mgomba

Kwanza niseme kazi hii sikuipenda. Ashley wa kanisani alikuja na karatasi na kalamu, akakaa kwenye kiti changu bila kuambiwa karibu, akasema kila mama mzee anaandika habari za mtu mmoja wa Agano la Kale ambaye tabia yake inafaa kuigwa. Mwenzangu mmoja amepewa Esta, mwingine Danieli. Mimi nimebakiziwa Rispa, kwa sababu hakuna aliyemtaka, hata wahubiri wanamrukanga. Nikamwambia, wewe mtoto, shule niliachia darasa la pili, mkono wangu unajua jembe, na huyo Danieli wenu sijui hata alikuwa wa ukoo gani. Lakini Rispa namjua. Anakaa hapa Lumakanda, ng'ambo ya shamba langu, na jina lake ni Maximilla Awinja. Nitaandika habari zake huyo, na mtu asinisahihishe.

Awinja watu wanamwita Mama Wanzala, kwa jina la kifungua mimba wake. Mumewe Khisa alikufa mapema, akamwachia shamba la mahindi, nyumba ya mabati na vijana wawili, Wanzala na Philip. Wanzala alikuwa mrefu, mwenye kicheko kinachovuka ua mpaka kwa jirani, na kidole gumba cha mkono wa kushoto hakikuwa na ncha. Kililiwa na mashine ya kupukusa mahindi. Hicho kidole kishike, kina kazi mbele.

Alikuwa utingo wa lori. Siku moja lori lilipeleka mahindi Sudan Kusini, na likarudi bila yeye. Dereva alikuja kusimama langoni, kofia mkononi.

"Mama, tulilala mpakani, pale Nimule. Kulipokucha hayuko. Nilipiga honi mpaka watu wakanitukana."

Basi. Hakuna mwingine aliyejua zaidi ya hapo. Polisi waliandika, wakafunga kitabu. Awinja aliipiga namba ya Wanzala kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, na yule mwanamke wa kwenye simu alipoanza kusema haipatikani, alimsikiliza mpaka mwisho, asije siku moja akabadilisha maneno. Nyumba ndogo ya kijana wake aliendelea kuisiriba kwa mavi ya ng'ombe kila mwezi wa kumi na mbili, na kitanda akakitandika.

Miaka ikaenda. Philip akamwoa Namalwa, wakapata msichana, Mitchel. Mtoto alipoanza kutembea akaanza na kuanguka. Macho yanageuka, mwili unakakamaa, povu linatoka. Hospitalini walimpa dawa, wakasema asikose hata siku moja. Lakini mzee Elkanah, kakake marehemu Khisa na ndiye mkubwa wa ukoo, alikuwa na maneno yake. Alisema mtu aliyepotea na hajazikwa anazunguka nje ya boma. Baridi inamshika, hakuna anayemfungulia, mwishowe anamshika mtoto wa ndugu yake ndipo asikiwe. Na dawa ya hilo kwetu inajulikana. Unachukua mgomba, unauvika nguo za huyo mtu, unaulaza ndani ya sanduku, unauzika mbele ya nyumba kwa vilio vyote kama mtu. Ukishafanya hivyo, amekufa. Hata kama yuko hai, amekufa.

Elkanah alikuja mchana mmoja, pamoja na pasta Weldon. Awinja alikuwa anapepeta maharagwe.

"Mama Wanzala, tumekuja kwa heshima."

"Heshima ingebisha hodi, shemeji. Wewe umeingia na jembe."

Kweli jembe lilikuwa mkononi, la kupimia mahali pa kaburi. Elkanah akaliegemeza ukutani kama kwamba si lake. Pasta, ambaye alikuwa kijana wa juzijuzi, akakohoa.

"Mama, huo mgomba ni ishara tu ya kuaga. Mwangalie Daudi. Mtoto alipougua alilala chini, akafunga, akalia. Mtoto alipokufa akainuka, akaoga, akabadilisha nguo, akaitisha chakula. Hiyo ndiyo tabia ya mtu aliyemwachia Mungu. Kuna wakati wa kuinuka."

"Daudi aliambiwa na watu waliomwona mtoto amekufa. Wewe umemwona Wanzala?"

"Hapana mama, lakini..."

"Basi kaa na Daudi wako."

Elkanah akaona aingilie. "Na Ayubu je? Watoto wote kwa siku moja, na hakumtukana Mungu."

"Kwani mimi nimemtukana Mungu? Nimekukatalia wewe, shemeji. Usijipandishe cheo."

Namalwa, aliyekuwa mlangoni, alificha mdomo kwa leso. Awinja akaweka ungo chini.

"Mkitaka Maandiko, chukueni Yakobo. Watoto wake walimletea kanzu waliyoichovya kwenye damu ya mbuzi. Wala hawakusema Yusufu amekufa. Walisema tu, baba, angalia, hii si yake? Mzee akaamini nguo, akaomboleza mpaka mvi zikamjaa, na mtoto yuko Misri anagawia watu chakula. Huo mgomba wenu ndio ile kanzu. Mnataka nililie mti, na mtoto wangu yuko mahali anakula obusuma?"

Hapo Philip, aliyekuwa amekaa kando, akasema polepole, "Mama, kama yuko mahali anakula, mbona hatumi neno?"

"Hata Yusufu alikuwa mkubwa Misri na hakutuma mtu."

"Basi Yusufu alitukosea," Philip akasema. Akatoka nje.

Awinja akachukua ungo wake, lakini hakupepeta. Elkanah akaenda mbele ya nyumba, akachora ardhi kwa jembe, akatangaza kuwa maziko ni Jumamosi.

Sasa huyo Rispa wa kwenye Biblia, kwa msiomjua, alikuwa mwanamke wa mfalme aliyekwisha kufa. Wanawe wawili walitolewa wauawe kwa kosa ambalo si lao, maiti zao zikaachwa wazi mlimani. Hakuweza kuwafufua, hakuweza kupigana na mfalme. Alichukua gunia, akalitandika juu ya mwamba, akakaa. Mchana alifukuza ndege, usiku alifukuza wanyama, tangu mavuno mpaka mvua ikanyesha kutoka mbinguni. Hakuna mahali panaposema aliomba kwa sauti au aliimba. Alikaa tu. Awinja alikuwa amesikia habari hizo mara moja kwenye mkutano wa akina mama, wengine wakisinzia, na zilimwingia zikakaa.

Jumamosi asubuhi vijana walipokuja na majembe wakamkuta amekaa juu ya ile alama. Ametandika gunia la mahindi, miguu ameinyoosha, mikono mapajani.

"Mama, tunaomba nafasi," wakasema.

"Nafasi ni nyingi. Chimbeni kwa Elkanah."

Watu wakajaa. Sanduku likaletwa, jepesi, linabebwa na watu wawili kama meza. Wanawake wa ukoo wakamzunguka kwa maneno, mmoja akisema amepagawa, mwingine akisema ni kiburi tu, toka zamani alikuwa na kiburi hata kabla ya kuwa na sababu. Elkanah akachuchumaa mbele yake.

"Unajifanya Rispa? Rispa alitaka watoto wake wazikwe. Wewe unakataa."

"Rispa alikuwa na mifupa," Awinja akasema. "Nipe mfupa mmoja, shemeji. Mmoja tu, hata wa kidole, nitaujua. Nipe nitainuka."

Elkanah akainuka, akajipangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi.

Rispa aliingoja mvua msimu mzima. Huku kwetu haikungojeshi, jua likishaanza kuteremka nayo iko mlangoni. Mawingu yalishuka kutoka upande wa Turbo, yakafungua. Watu wakakimbilia chini ya mabati, na sanduku wakalikimbiza nalo. Awinja akabaki. Maji yalimshuka usoni, gunia likalowa, udongo chini yake ukaanza kulainika, na yeye akatazama lango. Hata siku hiyo alikuwa anatazama lango.

Aliyetoka kwenye mabati akamfuata ni Namalwa, Mitchel mgongoni, wote wawili chini ya karatasi ya plastiki. Akapiga magoti kwenye matope.

"Mayi."

"Rudi ndani. Mtoto analowa."

"Leo asubuhi ameanguka karibu na moto. Nywele zimeungua hapa, angalia." Akageuka ili mama mkwe aone. "Mayi, sijui kama ni kaka yake Philip anayemshika. Sijui kama mgomba utasaidia, sijui kama dawa itasaidia. Mimi nitashika yote. Wewe unamngoja wako, sikukatazi. Lakini na mimi nina huyu."

"Kukhu umelowa," Mitchel akamwambia nyanya yake kutoka mgongoni, akacheka. Alikuwa na kicheko cha baba yake mkubwa.

Awinja aliutazama ule utosi ulioungua. Habari ya Suleimani na wale wanawake wawili alikuwa ameisikia tangu utoto, na siku zote alifikiri ni habari ya werevu wa mfalme. Hakuwahi kujiuliza yule mama aliyesema mpeni yeye mtoto, msimkate, aliyasemaje maneno hayo, aliyatoa na mdomo gani. Sasa alijua. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, Namalwa akamshika kwapani akasimama.

"Elkanah!" Mvua haikumshinda sauti. "Njoo hapa. Wewe peke yako."

Mzee akaja, kofia kichwani inachuruzika.

"Mtazika. Lakini kula kiapo mbele ya hawa wote. Siku Wanzala akirudi hakuna atakayemwita mzimu, hakuna atakayemrushia jiwe."

"Mama Wanzala, mtu aliyezikwa hapitii langoni tena. Unajua."

"Ndiyo maana nakuita. Atapitia nyuma, uani, kama ilivyo desturi. Achinjiwe kondoo, aoshwe, arudishiwe jina lake. Na nyumba yake isivunjwe. Kula kiapo."

"Kwenye mvua hii?"

"Kama unaogopa mvua, kula haraka."

Elkanah alivua kofia, akala kiapo. Wakachimba kwenye matope, kina kifupi tu. Vijana waliotumwa mgombani waliona uvivu wa kukata vizuri chini ya mvua, wakaung'oa mzima na tunguu lake, wakapogoa majani, na hakuna aliyeangalia. Walipoomba nguo, Awinja aliwapa shati moja lililochanika. "Mazuri yanakaa," akasema. "Atayahitaji." Wanawake walilia kwa nguvu, wengine wakajitupa chini. Yeye alisimama mdomo umefungwa, gunia lake bichi begani, na mtu nyuma akasema huyo mama moyo wake ni jiwe.

Mitchel alikaa vizuri muda kidogo. Elkanah alitembea kijijini kifua mbele. Kisha mchana mmoja mtoto akaanguka tena, kando ya ghala la mahindi. Namalwa alijifunika uso kwa leso, akangoja maneno, na kama ni mimi au wewe, maneno tungeyasema, tena tungemwita na Elkanah ayasikie. Awinja alipiga magoti, akamlaza mtoto ubavu, akampangusa povu na kanga yake mwenyewe.

"Amekunywa dawa leo?"

"Iliisha jana, mayi. Nilifikiri baada ya maziko..."

"Funga leso. Twende hospitali."

Hakuongeza neno, siku hiyo wala baadaye. Ashley, kama unatafuta tabia ya kimungu, chukua hapo. Mimi mwenyewe sina.

Mvua kubwa ziliporudi kitu kikachomoza juu ya kaburi, kijani, kimejikunja kama karatasi. Lile tunguu lilikuwa limeota. Akina mama wa kanisa wakaja mbio wakiimba.

"Mama Wanzala, ni ishara! Wanzala anafufuka!"

"Ni mgomba," Awinja akasema. "Niliwaambia siku ya kwanza ni mgomba."

Elkanah naye alikuja na panga, akisema jambo hilo halionekani vizuri mbele ya watu. Akamkuta amekaa pale, juu ya gunia. Akarudi na panga lake.

Lakini msidhani ameshinda. Kinachomla ni kingine. Habari za maziko zilisafiri na malori, kila utingo wa barabara hii anajua Wanzala wa Lumakanda alizikwa. Awinja anafikiri mwanawe yuko hai, alikuwa amekwisha kuanza njia ya kurudi, akaambiwa mahali fulani, wewe kwenu ni marehemu, akageuka. Anafikiri alipoinuka kwenye lile gunia alimfungia lango kwa mkono wake. Ameniambia hivyo akichambua mboga, bila kulia. Ile namba ya simu imepewa mtu mwingine, msichana wa Nakuru. Mwanzoni alikuwa anamfokea. Siku hizi anapokea tu anasema, "Mama, si yeye. Umeamkaje?" Na Awinja anamjibu ameamka salama, halafu anawasha moto. Kondoo wa kwanza aliyemfugia Wanzala alizeeka akafa. Yuko wa pili, naye meno yameanza kumtoka.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa umekula jasho la mkono wangu, na mimi siandikii mtu bure. Mahali popote ulipo, Nimule, Juba, Lodwar, hata Mombasa, ukiona mwanaume mrefu anayecheka kwa sauti, mwangalie kidole gumba cha kushoto. Kama hakina ncha, muulize jina. Akikupa jina lingine, muulize tena. Mwambie kaburi ni la mgomba, na mgomba wenyewe umekataa kuoza. Mwambie asije langoni, apitie nyuma, upande wa mparachichi, mchana watu wakimwona. Mashati yapo. Kitanda kimetandikwa. Na usiniambie utafanya kesho, mama huyu hana kesho nyingi. Inuka hapo ulipokaa, anza kuangalia watu vidole.