Kitambaa cha Nahodha

Juzi, tulipokuwa tukigawana nguo za marehemu baba, nilikuta kitambaa chekundu chini kabisa ya sanduku lake. Nilikijua papo hapo. Ni cha unahodha, na mwenyewe hakuwa baba.

Mwalimu wetu wa hesabu pale Maguu ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya mpira ya wilaya. Kila siku ya mechi lori lilipanda kutoka Mbinga kuja kumchukua, nasi tulitoka darasani tukimwimbia. Kwa hiyo mchana ule liliponguruma mlimani, hewa ikinuka maganda ya kahawa yaliyochacha, tulikimbia tukapanga mistari. Mgambo wawili walikaa nyuma ya lori. Mkewe Mwalimu alikuwa analia, nikadhani ni furaha. Baba, mjumbe wetu wa nyumba kumi na winga wa timu ileile, alipokea kitambaa kutoka kwa Mwalimu. Nikadhani kinakwenda kufuliwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Mtarudi na kombe?"

"Marahaba. Imbeni tu, mwanangu."

Tuliimba mpaka lori likapotea kwenye kona. Hakurudi.

Kosa lake ni kusema kwenye kikao cha wajumbe kwamba watu wasihamishiwe kijiji kipya kabla ya kuchuma kahawa yao. Mtu akayafikisha maneno hayo wilayani. Maguu nzima ilimjua mtu huyo, isipokuwa mimi.

Jumamosi iliyofuata baba aliingia uwanjani akiongoza timu, kitambaa mkononi, na hakuna mtoto aliyepiga makofi kunishinda.