Taa ya Kumwita Mama

Mama mkwe wangu alipohamia kwetu Kiganjo kutoka Bungoma, masikio yake yalikuwa yamekwisha kabisa. Hata mlango ukibamizwa hakusikia. Sauti yake ilikuwa bado nzima, kubwa kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, lakini sisi hatukuwa na njia ya kumwita yeye. Alipenda kukaa chumbani akifuma vitambaa, uso dirishani na mgongo mlangoni. Kila aliyeingia akamgusa bega alimshtua akaruka kitini, uzi ukatawanyika sakafuni.

"Mtaniua kabla ya siku yangu," alikuwa akisema. Alicheka, huku akiinama kuokota uzi.

Wakati huo nyumba yetu ilikuwa mpya. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kufundisha makuruta wa polisi, alikuwa ameona duka moja Nyeri mjini likiuza vitufe vya ukutani vinavyoamrisha taa nyingi kwa pamoja. Ukibonyeza kimoja, taa za mezani zinawaka na za pembeni zinapungua. Ukikishikilia, mwanga unafifia polepole mpaka uachilie. Fundi alikuja, akavifunga ukutani, akatuambia, "Kitufe kipi kiamrishe taa ipi, mtajipangia wenyewe kwa simu," akaenda zake.

Basi Jumamosi moja ya Julai, baridi ya kukata masikio na manyunyu nje, tuliketi sakafuni mimi na mume wangu tukaanza kujipangia. Tulibonyeza kitufe cha kula, taa ya bafuni ikawaka. Tulibonyeza cha kulala, nyumba nzima ikang'aa kama harusi. Huyu mtu ambaye makuruta humwogopa alilala chali kwenye zulia akicheka mpaka machozi. Nami nikacheka kwa sababu yeye anacheka, na simu tukaipoteza chini ya mto wa kochi.

Tulipoipata, akaanza kujaribu taa za sebule. Alishikilia kitufe, mwanga ukashuka. Akashikilia tena, ukapanda. Alifanya hivyo mara nyingi, kama mtoto. Ndipo mlango wa chumba cha mama ukafunguka, naye akatokea na sindano mkononi.

"Nani anacheza na taa yangu?"

Kumbe tulikuwa tumeiunganisha taa yake na za sebule bila kujua. Mume wangu alianza kuomba msamaha kwa ishara, lakini mimi nilikuwa nikimtazama mama. Hakuwa ameshtuka. Alikuwa amekuja mwenyewe, ametulia, na kitambaa chake kikiwa kizima.

"Usiitoe," nilimwambia mume wangu. "Mama amekuja. Si umeona amekuja?"

Alinitazama, akaelewa, akanyakua simu. Tulipanga kitufe kimoja cha jikoni kiwe cha mama peke yake: ukikibonyeza, taa yake inafifia taratibu, inapanda, inafifia tena, inapanda. Tulimrudisha kitini, mwanawe akakaa naye, nami nikaenda jikoni nikabonyeza. Nikangoja nikiutazama mlango.

Mama alikuja akitembea taratibu, akasimama mlangoni. "Nimeitwa," alisema.

Nilimkumbatia. Akataka turudie, tukarudia. Halafu akauliza swali ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria. "Na mimi nikiwataka?"

Tulimpa kitufe kilichokuwa karibu na kitanda chake, tukakiunganisha na taa za sebule na jikoni. Jioni hiyo hatukupumzika. Taa zikicheza, tunakimbia, tunamkuta ameketi.

"Mama, unataka nini?" mume wangu alimwuliza kwa mikono.

"Sitaki kitu. Nilitaka kuona kama mtakuja."

Tulirudi sebuleni. Kabla hatujaketi, taa zikafifia.

Tangu hapo hakuna anayemgusa bega kwa ghafla. Asubuhi mlima unaoonekana dirishani kwake ukiwa wazi, anatuita tuutazame kabla ya mawingu. Mume wangu akikesha na habari za mpira kwenye runinga, mama huzifanya taa za sebule zififie kutoka kitandani kwake, naye mwanawe husema, "Nimeambiwa nilale."

Juzi akina mama wa kanisa walikuja kumtembelea. Nilikuwa nikimimina chai nilipomwona mama mkwe wangu ameingia jikoni, macho yanameremeta. Alikuwa amemkalisha mwenzake mmoja, mama mmoja kutoka Othaya aliyemzidi umri, kwenye kiti chake chumbani, na kumwambia asiinuke mpaka aitwe. Akabonyeza. Tukangoja. Yule mama alitokea kwenye korido akitembea kwa madaha, mkono kiunoni, kama bibi harusi.

"Ati ni mimi nimeitwa?" aliuliza.

Mama mkwe wangu hakusikia swali, lakini aliuona uso wake, akaangua kicheko kikubwa. Wale wengine wakainuka wote, kila mmoja akitaka kuitwa, na chai ikapoa vikombeni.