Gari Lililonukia Mno

Dalali amenifungulia mlango wa gari dogo jeupe hapa Majengo. Nahitaji gari la kunifikisha kazini kila siku, lakini marashi yaliyotoka ndani yamenirudisha utotoni.

Mama alikuwa mwalimu Ihumwa, na alikuwa amechoka kufika shuleni amechelewa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliyemchagulia gari alikuwa mjomba, mfanyabiashara wa ng'ombe mnadani. Yalikuwepo mawili: moja limeoshwa hadi injini inang'aa na kupuliziwa marashi, jingine limejaa matope na linanuka mbuzi. Mimi nilishakaa ndani ya lile safi.

"Shuka," mjomba aliniambia. "Ng'ombe akiogeshwa asubuhi ya mnada, ujue anafichwa kidonda."

"Kaka, hili si ng'ombe," mama alisema.

"Ndiyo maana haliwezi hata kulalamika."

Tukachukua la mbuzi. Nililia njia nzima.

Halikuwahi kumwangusha mama. Lakini lile safi alilinunua jirani yetu, nalo likawa linatupita kila asubuhi, halikohoi, miaka yote niliyosoma. Sasa mjomba aliona nini? Siku moja nilimuuliza.

"Wewe shule ulifika, hukufika?"

"Nilifika."

"Basi."

Nimesoma mpaka chuo kikuu na bado sijui kama hilo lilikuwa jibu.

"Vipi dada, unalichukua?" dalali ananiuliza.

Nimeinama, nimefunua zulia la gari, nanusa huku nikitafuta mbuzi.