Kilimia Kikitoka

Watu wa siku hizi wanapenda kukaa nje jioni na kusema ati nyota ni nzuri. Wacha waseme. Mimi nimewahi kupiga magoti kwenye vumbi nikiomba nisinyang'anywe mtoto wangu wa kunyonya, na chanzo chake kilikuwa kile kifungu cha nyota ndogo kinachoitwa Kilimia.

Nilizaliwa Kitui mjini, nyuma ya maduka. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, lakini kilichotuamsha asubuhi ni adhana ya majirani zetu Waislamu. Ikisikika tu, mama anawasha moto. Sikuwahi kuhitaji kutazama juu ili nijue saa. Kisha, wakati wa vita vile vikubwa, nikaolewa kijijini Nuu. Mume wangu alikaa nami muda mfupi, akarudi jeshini, akapelekwa ng'ambo kupigana na Wajapani, huko tulikokuita Bama. Akaniacha na mimba yangu, kwa mama yake na baba yake.

Nuu ile ya kiangazi! Maji yalikuwa ya kuchimba kwenye mchanga wa mto uliokauka, na mto wenyewe ni mbali. Ukichelewa unakuta wenzako wamekomba kisima, unakaa kungoja kikombe kwa kikombe huku jua linakuchoma utosi. Kwa hiyo wanawake walitoka kabla ya alfajiri. Msikiti hakuna. Jogoo pia hakuna, maana kideri kilikuwa kimemaliza kuku wa kijiji kizima.

Mwezi wa sita, mtoto akiwa bado mchanga, mama mkwe alisikia kwamba binti yake aliyeolewa Makueni anaumwa. Akafunga mzigo. Kabla hajaondoka alinishika bega, tukasimama gizani tukitazama mashariki.

"Unaziona zile ndogo zilizojikusanya kama vifaranga? Ndicho Kilimia hicho. Kikitoka juu ya mlima, beba debe uende. Usinitie aibu."

"Sawa, mama."

Hayo tu. Kuuliza si ujinga, watu husema. Waliosema hivyo hawajawahi kuwa mke mpya.

Nilitii. Mtoto akiniamsha kunyonya, nachungulia mlangoni. Kilimia kikiwa kimetoka, namfunga kifuani, natia debe mgongoni, naenda. Mwezi ule wa sita nilifika pamoja na wanawake wenzangu, tukicheka, tukarudi jua likichomoza. Wa saba nilikuwa wa kwanza kila siku. Wakanisifu, "Huyu wa mjini, kumbe ana bidii!" Wa nane sikumkuta mwanamke hata mmoja. Nilichota peke yangu, fisi wakilia ng'ambo, nikarudi, nikatua debe, nikakaa kungoja kupambazuke. Hakupambazuki. Nasinzia, nashtuka, bado giza. Nilichofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba usiku ndio umerefuka. Sikuwaza hata kidogo kwamba nyota ndiyo imewahi. Nyota itawahije? Adhana ya kwetu haikuwahi.

Nilikonda nikabaki macho. Nilikuwa nalala nikitembea, naamka nikijikwaa. Nilianza kuamini nimerogwa, na sikuwa na wa kumwambia, maana baba mkwe kwa desturi zetu hata uso wake sikupaswa kuutazama. Kiumbe pekee niliyekutana naye ni mwanamume mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake usiku kukwepa foleni ya mchana. Mara mbili tatu alinisaidia kuinua debe. "Pole, mama," alisema, basi. Sura yake siijui mpaka leo.

Mama mkwe alirudi mwezi ule wa nane ukiisha. Usiku wa kwanza tu akanisikia nikitoka. Asubuhi nilikuta baba mkwe amekaa uani pamoja na kaka yake mkubwa, nikaambiwa nisimame kando ya ghala. Nilijibu nikiliangalia ghala, mtoto kifuani.

"Ni kisima gani hicho," baba mkwe aliuliza, "kinachotekwa maji usiku wa manane? Na huyo mwenye ng'ombe tunayesikia anakubebesha debe ni nani yako?"

"Mimi naenda Kilimia kikitoka, baba. Ndivyo nilivyoambiwa."

Yule kaka yake mkubwa akaangua kicheko, wala si cha ubaya, alichekeshwa kweli kweli.

"Kilimia! Kilimia cha mwezi huu kinatoka watu ndio wameanza kukoroma! Hata uongo una adabu yake, mwanamke."

Hapo nikaelewa. Walijua wote. Kujua kwamba Kilimia huwahi kila usiku kidogo kidogo, mpaka kinafika wakati wa kulala, kwao ilikuwa kama kujua kwamba moto unaunguza. Nani angeamini kuwa mwanamke mzima wa Kikamba hajui? Ukweli wangu ulikuwa wa kijinga kuliko uongo wowote ambao ningeweza kutunga.

Nikapiga magoti. "Mama, sema! Si wewe uliyenionyesha?"

"Nilimwonyesha," mama mkwe akasema. "Mwezi wa sita."

Baba mkwe akakata shauri: nirudi kwetu. Mtoto abaki, kwa sababu mahari ilikwisha kuliwa na mtoto ni wa ukoo. Woi, nililia siku ile! Nilimkumbatia mtoto mpaka naye akapiga kelele. Nilisema niacheni hata niwe mtumishi, nichunge mbuzi, nilale jikoni, lakini nimnyonyeshe. Mama mkwe ndiye aliyekuja kumfungua kifuani kwangu. Akaniinamia sikioni.

"Nilijua umekulia mjini," alininong'oneza. "Nilidhani utauliza."

Mume wangu alirudi salama kutoka Bama. Akamwamini baba yake, akaoa mwingine.

Miaka ya hamsini nilikuwa Malili, nauza chai kando ya barabara ya Mombasa, na jioni tulifundishwa kusoma kanisani. Mwalimu alikuwa kijana mchangamfu. Siku moja aliweka taa ya chemni katikati ya chumba, akatundika koti lake ukutani, akaniita mimi.

"Taa ni jua. Koti ni Kilimia. Wewe, mama, ni dunia. Zunguka."

Ukiipa taa mgongo ndio usiku, alisema, na nyota unazoziona ni za ukuta ulio mbele yako. Nikaizunguka taa. Nilipokuwa upande wa koti nililiona wazi. Nilipofika ng'ambo, koti likawa nyuma ya taa: lipo pale pale, lakini ukilitafuta, mwanga unakuumiza macho. Nikaendelea pole pole, taa mgongoni. Koti likaanza kuonekana pembeni kabisa mwa jicho, na mwalimu akasema hiyo ndiyo alfajiri ya mwezi wa sita. Kila hatua niliyopiga lilisogea mbele yangu zaidi, na hakuna aliyeligusa. Dunia huzunguka hivyo mwaka mzima, alisema, ndiyo maana nyota tuzionazo hubadilika.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Wakanipigia makofi. Nikamwuliza kama anaweza kufuatana nami hadi Nuu, na taa yake na koti lake, akamwonyeshe mzee mmoja kama alivyonionyesha mimi, aone kwamba hata mtu mzima huhitaji kufundishwa jambo hili. Akadhani natania. Darasa zima likacheka. Mwanangu alikuwa na miaka kumi, na alikuwa na mtu mwingine wa kumwita mama.