Mkono Nyuma ya Mgomba

Kisa hiki kilianzia sokoni Tukuyu, kinywani mwa mama yangu, ambako visa vingi vya ukoo wetu huanzia. Alikuwa ameketi nyuma ya mafungu yake ya ndizi, na pembeni yake alikaa rafiki yangu Mturuki, daktari wa mifugo, kajifunga kitambaa chake cha kijani kichwani, anapanga parachichi kwa ukubwa kama vile ameajiriwa kwa kazi hiyo. Mwanamke mmoja akasimama, akauliza, "Huyu mzungu umemtoa wapi?" Mama hajawahi kujibu swali kwa jibu lake. Akasema, "Mzungu gani? Huyu ni mkwe wangu. Mke wa yule mwanangu wa Dar."

Watu wakacheka. Rafiki yangu naye akacheka kwa adabu, kwa sababu Kiswahili chake wakati huo kilitosha kununulia nyanya tu. Kaka yangu wa Dar hakuwa na mke, wala hakujua kwamba amempata. Mzaha ungeishia pale pale, ila habari ilifika nyumbani Lupepo kabla ya mama mwenyewe kufika, na nyumbani Lupepo yupo baba.

Inabidi nieleze. Kwa watu wa rika la baba, mkwe na baba mkwe hawaonani. Hawajagombana, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mwanamke akimsikia baba mkwe wake anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Baba mkwe naye, kama amelelewa vizuri, anakohoa kabla ya kuingia uani ili mkwe apate nafasi ya kujificha. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na baba wakwe zao wameshikana mabega, na baba akiziona picha hizo kwenye simu yangu hufumba macho.

Mimi, binti yao, ni fundi cherehani. Napanga mjini, mtaa wa Makandana, na Mturuki alipanga chumba cha pili, ukuta mmoja. Urafiki wetu ulianza kwa ugomvi. Alinikaribisha chai, akaniletea maji mekundu ndani ya kigilasi kidogo cha kunyweshea mtoto dawa. Nikauliza maziwa yako wapi. Akasema kwao chai haitiwi maziwa. Nikamwambia pole, kumbe ng'ombe wao walishakufa wote, ndiyo maana daktari wao amekuja kutafuta kazi huku. Alikasirika, kisha akacheka mpaka akamwaga chai yake, na toka hapo hatukuachana. Simu yake ilikuwa inaniamsha alfajiri kwa ajili ya swala yake, nami nilikuwa namlipizia jioni kwa kufanya mazoezi ya sauti ya kwaya. Sauti ya pili, na si nzuri. Hakuwahi kulalamika, ila siku moja aliniuliza kama Mungu wetu anasikia vizuri.

Alikuwa na hamu moja tu ambayo sikuweza kumtimizia. Kwao, ukimsalimia mzee unainama, unashika mkono wake, unaubusu, kisha unauweka kwenye paji la uso wako. Baba yake alikuwa amefariki, na siku ya Idi alikuwa anakwenda kwa wazee wa mtaa wao mmoja baada ya mwingine. "Toka nimefika huku sijashika mkono wa mzee," aliniambia. Nikamjibu kwamba baba yangu anayo miwili, atachagua. Nilisahau kabisa ile habari ya sokoni.

Basi Jumapili moja baada ya ibada nikampeleka Lupepo. Baba alikuwa nje kwenye kigoda chake, bado yuko ndani ya koti la kanisani, maana ni mzee wa kanisa na koti halivui mpaka ale. Rafiki yangu alipomwona, uso wote ukawaka. Akakaza mwendo kumwendea, ameinama nusu, mikono yote miwili mbele.

Baba akainua macho. Akamwona mkwe wake anamjia mbio.

Kigoda kilianguka upande wake na baba akaanguka upande wa pili, akainuka, akazama migombani. Rafiki yangu hakusita. Kwao mzee akiuvuta mkono wake mara ya kwanza ni unyenyekevu tu, unatakiwa kumfuata. Akamfuata. Baba yangu ana goti bovu ambalo limemzuia kuchota maji toka nikiwa shule ya msingi, na siku ile goti lilipona. Walizunguka banda la nguruwe, yeye mbele na koti linapepea, Mturuki nyuma akiita, "Shikamoo! Shikamoo, baba!" na kila shikamoo ilimwongezea baba kasi. Nguruwe wakapiga kelele. Mama alikuwa amekaa chini kabisa kwenye majani, analia kwa kicheko, hana msaada kwa mtu yeyote. Mwisho baba aliingia zizini, akajibana nyuma ya ng'ombe wake wa maziwa, na kutoka huko akapaza sauti: "Gwe mke wangu! Mwondoe mkwe!"

Baba alikula chakula chake humo humo zizini. Na kilikuwa chakula cha maana. Mama alikuwa amenunua sufuria mpya isiyowahi kupita nguruwe, na kuku alipakiwa kwenye bodaboda, akaenda hadi mjini kuchinjwa na Mwislamu mwenye duka, akarudi tayari. Huyo kuku alisafiri kuliko majirani zetu wengi. Lakini rafiki yangu alikula kidogo.

Njiani kurudi, tulipokaribia Makandana, akauliza, "Ni kwa sababu mimi ni Mwislamu?"

"Hapana. Ni kwa sababu umeolewa na kaka yangu."

"Lini?"

"Jumanne. Sokoni."

Nikamweleza yote. Kadiri nilivyoeleza ndivyo habari yenyewe ilivyozidi kusikika ya uongo, hata mimi nikaanza kuitilia shaka. Akanishukuru kwa kujaribu kumfariji, akaingia kwake, akafunga mlango. Niliumia. Niliwakasirikia wote watatu: mama kwa mdomo wake, baba kwa miguu yake, na yeye kwa kudhani kwamba ningetunga uongo wa kijinga namna ile.

Ramadhani ikaingia, akazidi kuwa kimya. Idi bila mkono wa mzee, alisema, ni siku ya kawaida yenye nguo mpya. Alikuja nami Lupepo mara kadhaa kwa ajili ya mama, na kila mara kikohozi cha baba kilisikika kutoka bondeni, kisha baba hakuonekana. Kukohoa huko kulizidi mpaka mchungaji akamwombea kifua mbele ya kanisa zima. Mama akaanza kumnunulia pipi za kifua. Baba alizipokea, akaendelea kukohoa.

Kisha siku moja mchana, mvua imeshika kama kawaida yetu, mama akapiga simu. Ng'ombe alikuwa na uchungu toka asubuhi na ndama hatoki. Huyo ng'ombe ndiye maziwa ya nyumba na ndiye fahari yote ya baba. Bwana mifugo wa kata alikuwa safarini.

"Baba yako anasema umlete bwana mifugo mwingine," mama alisema.

"Bwana mifugo mwingine ni mkwe wake."

Kisha nikasikia sauti ya baba kwa mbali: "Mlete hivyo hivyo."

Tulifika tumelowa chapachapa. Zizini tulimkuta baba amemshika ng'ombe kamba ya shingo, na kichwani amejifunika kanga ya mama, ile ya waridi yenye maua makubwa, kuanzia utosini mpaka kifuani, haoni kitu. Rafiki yangu alimtazama. Akanitazama mimi. Nikamwambia, "Nilikueleza."

Akavaa glavu yake ndefu ya plastiki, ile inayofika begani, akaingiza mkono. Akaniambia nimuulize mzee maji yalitoka saa ngapi. Kabla sijafungua mdomo, baba akainama kwenye sikio la ng'ombe, kanga na yote, akasema kwa heshima kubwa, "Mama, mwambie huyo aliyeko nyuma yako kwamba maji yalitoka kabla ya uji."

Rafiki yangu akafikiri kidogo. Kisha akamwambia ng'ombe kwa Kiswahili chake cha nyanya, "Ng'ombe, mwambie baba, mguu moja ya mtoto imekunja. Mimi nanyoosha. Halafu yeye vuta kamba."

"Mama, mwambie nimesikia."

Waliendelea hivyo mpaka mwisho, na ng'ombe akatafsiri bila malipo. Mimi nilibaki nimesimama na ndoo, sina kazi. Ulipofika wakati wa kuvuta, baba alipewa kamba akageuka, wakavuta wamepeana migongo, yeye haoni kwa sababu ya kanga na mwenzake haoni kwa sababu ya mvua na jasho. Ndama akatoka ghafla na wote wawili wakaanguka kwenye tope.

Kutoka ndani ya kanga tukasikia, "Mama, jike au dume?"

"Ng'ombe, mwambie jike."

"Ndaga," baba akasema. "Ndaga fijo." Kwa Kinyakyusa huko ndiko kushukuru, na kushukuru sana. Sijui alimwambia nani kati yao.

Rafiki yangu alikaa pale pale kwenye tope akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia mwezi mzima. Mama alitaka kumpa maziwa hapo hapo. Akakumbushwa kwamba mwenzake amefunga, basi akasimama mlangoni na kikombe mkononi kulisubiri jua lizame, kazi ngumu kwetu maana jua lenyewe hatulioni. Tulipokuwa tunaondoka, rafiki yangu alimwachia ng'ombe boksi la glavu ampe baba. Njiani akaniambia, "Hanichukii."

"Mwanamume hawezi kuvaa kanga ya mkewe kichwani kwa chuki," nikasema.

Lakini mkono ulikuwa bado. Nikamwendea mama, nikamwambia, wewe ndiye uliyefunga ndoa hii, uivunje. Akakubali, na kwa mama hilo ni jambo kubwa. Jioni hiyo nilimsikia akimwambia baba, "Mume wangu, nilikuwa natania. Mwanao hana mke. Basi tumfanye huyu binti yetu, umpe mkono siku ya Idi, yaishe."

Baba akasema, "Haifutiki." Akachukua fimbo yake akatoka. Nilimkasirikia zaidi ya nilivyowahi. Nilishona gauni la Idi la rafiki yangu kwa hasira, mishono yote imekaza.

Siku ya Idi tulifika amevaa gauni hilo, la samawati, linambana kidogo mabegani kwa sababu hiyo niliyosema. Kigoda kilikuwa kitupu. Mama akaita, hakuna jibu. Rafiki yangu akasema si kitu, amezoea, na nilimwona amegeuza uso.

Kisha kikohozi.

Kilitoka migombani, karibu kabisa na ua. Nyuma ya mgomba mnene kuliko yote ukatokea mkono. Ulitokea peke yake, umenyooka, umevaa glavu ndefu ya plastiki kuanzia vidoleni mpaka begani, glavu mpya inayong'aa. Sehemu iliyobaki ya baba haikuonekana, isipokuwa ncha ya koti la kanisani.

Rafiki yangu alisimama kwanza. Halafu akaenda polepole, safari hii hakukimbia. Akainama, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaubusu juu ya plastiki, akauweka kwenye paji la uso wake na kuuacha hapo kwa muda. Mama alicheka. Mimi nililia, na kilichonikera ni kwamba nililia kwa sauti.

Mkono ukarudi nyuma ya mgomba. Tukasikia mtu anapekua mfukoni. Ukatokea tena, na kwenye kiganja kulikuwa na pipi ya kifua.

Baadaye nilimkuta baba zizini, anakausha ile glavu. Nikamuuliza kwa nini alikataa asiwe binti. Ingekuwa rahisi kwa kila mtu, angemsalimia kama watu.

"Binti ninaye," akasema. "Anakuja Jumapili, anakula, anaondoka." Hakuninyooshea kidole, wala haikuwa lazima. "Mkwe ndiye wa hapa. Mimi sikutaka huyu awe wa kuondoka."

Nikamshikia kamba akamkamua ng'ombe.

Mwaka jana kazi ya rafiki yangu iliisha akarudi kwao. Hunipigia simu ya video, na nikiipeleka Lupepo mama huongea mpaka chaji inaisha, wakati baba amesimama nyuma ya mlango. Sufuria ya rafiki yangu inaning'inia jikoni peke yake, na mama hamruhusu mtu kuigusa. Kaka yangu wa Dar ameoa mwanamke mzuri wa Mbeya, ambaye alimpa baba mkono siku ya kwanza, na baba akaupokea.

Lakini jioni, anapopanda kutoka zizini, baba bado anasimama kwenye ule mgomba na kukohoa kabla ya kuingia uani. Mama humwambia kutoka jikoni, "Pita tu, hayupo."

"Najua," baba husema, na anasubiri kidogo kabla ya kupita.