Chumba cha Upande wa Kahe

"Kwani bibi yako ana ugomvi na mlima?"

Dada wa mapokezi ya hoteli aliniuliza hivyo kwa sauti ya chini, ameegemea kaunta. Nilikuwa nimeteremshwa kutoka ghorofa ya juu kuja kuomba jambo ambalo hakuwahi kuombwa: tuhamishwe kutoka chumba kikubwa kuliko vyote, chenye dirisha linalotazama kilele cha Kibo, tupewe chumba cha kawaida cha upande wa pili, kule yalikokuwa maegesho na tangi la maji.

Chumba kile kikubwa walikiita switi, na kilikuwa kimepatikana kwa pointi za shangazi yangu.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi Moshi kusubiri kazi ambayo haikuwa na haraka ya kuja. Nilihoji kila kitu, hadi sala ya kabla ya chakula. Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alifanya kazi Dar katika mradi wa wafadhili. Maisha yake yalikuwa semina na warsha, leo Nairobi, kesho Arusha, na kila alikokwenda alilala katika hoteli za kampuni moja. Kampuni ile ilimpa kadi ya plastiki. Kila alipolala, kadi ilipata pointi. Pointi zikiwa nyingi, analala bure, au anapandishwa kutoka chumba cha kawaida kwenda kizuri zaidi. Kampuni ilipofungua hoteli Moshi mjini, shangazi akaniambia kwamba sasa pointi zimepata kazi.

Mimi nililelewa katika miaka ya foleni ya sukari. Kitu kisicholipiwa nilikifahamu kwa jina la mgawo, na mgawo ulikuwa na mtu wake dukani aliyekumbuka sura fulani na kusahau nyingine. Sikuona tofauti kubwa na hoteli iliyokumbuka sura ya shangazi. Nilimwambia hivyo siku moja jikoni kwa Bibi, Kibosho, kule mlimani, tukila mtori, supu nzito ya ndizi.

"Wafadhili wanalipia kitanda," nikasema, "halafu hoteli inakupa wewe zawadi. Hiyo zawadi si ya wafadhili?"

"Wafadhili ndio walioamka wanaumwa mgongo kwa godoro la watu?"

"Kwa hiyo shangazi unalipwa kwa kulala."

"Nalipwa kwa kutolala kwangu. Kula mtori, msomi, unapoa."

Bibi alicheka. Alikuwa akicheka huku amegeuza kichwa kidogo pembeni, kama alivyozoea tangu macho yalipoanza kumfifia. Jicho moja lilikuwa limekwisha kabisa kwa mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa njiani. Alitambua watu kwa sauti na migomba kwa kuishika. Hatimaye alikubali kufanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza hospitalini Moshi, na hapo ndipo shangazi alipopanga mpango wake. Ilikuwa masika, barabara ya Kibosho ilikuwa tope tupu, na daktari alitaka kumwona tena asubuhi ya pili ili afungue bandeji. Bibi asingeweza kupanda na kushuka mlima katika hali ile.

"Nina mtoto Moshi mjini," Bibi alisema, akimaanisha baba yangu. "Nikalale kwa wageni?"

"Mama, si kwa wageni. Ni kwangu. Mimi ndiye nimekitafuta chumba."

Shangazi angeweza kuzitumia pointi zile kwa likizo nzima katika chumba cha kawaida. Alizimaliza zote kwa switi ile ya siku chache, na alipopiga simu kuiweka alisisitiza jambo moja: ghorofa ya juu, upande wa Kibo. Jambo hilo si la watalii tu. Kwetu upande wa Kibo ndio upande wa heshima. Ukikutana na mzee njiani unamwachia upande wa juu, wewe unapita wa chini. Hata marehemu wa zamani walilazwa uso ukielekea huko. Hoteli haikujua habari hizo. Ilipandisha bei ya upande ule kwa ajili ya watu wenye kamera. Kwa hiyo mzungu na shangazi yangu, kila mmoja kwa sababu zake, waligombea dirisha lile lile, na safari hii shangazi alishinda. Alitaka bandeji ikitoka, kitu cha kwanza mama yake kukiona vizuri kiwe Kibo, akiwa amekaa kwenye kiti kinachomstahili.

Asubuhi ya pili tulitoka hospitalini, Bibi akitembea taratibu na kusoma kwa sauti rangi za magari. Chumbani shangazi alimkalisha, kisha akavuta pazia. Mvua ya usiku ilikuwa imeosha anga. Kibo ilikuwa wazi yote, theluji hadi mabegani. Shangazi alisimama pembeni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Bibi alitazama kwa muda.

"Upo," akasema. "Haujaenda mahali." Kisha akageuka. "Nyumba hii haina dirisha la upande wa chini?"

"Chini kuna nini, mama? Kuna maegesho."

"Na mbele ya maegesho?"

"Reli. Miwa. Vumbi."

"Na mbele ya vumbi?"

"Kahe," nikasema mimi.

"Basi huko."

Ndivyo nilivyojikuta mapokezini nikiulizwa kuhusu ugomvi wa bibi yangu na mlima. Dada yule alibofya kompyuta yake kwa uvumilivu, kisha akatikisa kichwa.

"Inajua kupandisha tu. Kushusha haijui. Nikimtoa switi, pointi za shangazi yako zinapotea na chumba kingine mnalipia."

"Kwa nini iwe hivyo?"

"Dada, mimi sikuitengeneza." Aliangalia ngazi, akachukua ufunguo ubaoni. "Hiki kiko kitupu hadi jioni. Mpeleke akae. Msivuruge kitanda."

Nilipomfikishia Bibi habari, naye akashuka hadi kaunta kusema aika, asante ya nyumbani. Dada yule, ambaye hakuwa wa huku, aliielewa, akampa shikamoo kwa mikono miwili.

Chumba kilikuwa kidogo na kilinuka vitunguu vya jikoni. Bibi alivuta kiti mwenyewe hadi dirishani. Zaidi ya mabati ya mji kulikuwa na kijani cha miwa, halafu tambarare ya rangi ya majivu, na mbali sana mstari mweusi wa miti.

"Ile miti ndiyo Kahe?"

"Nadhani ndiyo, Bibi."

"Usidhani. Angalia."

Niliangalia. Ilikuwa Kahe. Huko familia ilikuwa na shamba la mahindi, shamba la chini kama tulivyoliita, ambalo Bibi alilima ujanani na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limekodishwa. Alifunga upya kitambaa cha kichwa, akaweka mikono mapajani, akakaa wima, kama mtu aliyeletewa mgeni. Kwake Kibosho, chini ya migomba na miti ya kahawa, tambarare haionekani. Hilo nililijua, na sikulifanyia kazi.

Badala yake nilijenga nadharia. Nilijiambia kwamba huyu ni mkulima anayekataa kuuziwa mlima wake mwenyewe, kwamba amezitambua pointi jinsi zilivyo. Niliipenda sana nadharia hiyo. Nilikuwa bado naipamba shangazi alipoingia. Aliketi ukingoni mwa kitanda tulichokatazwa kukivuruga.

"Mama, chumba hakikukupendeza?"

"Kimenipendeza. Usiku nitalala huko, kitanda chako ni kizuri. Mchana niache hapa."

"Lakini umeipa Kibo mgongo."

"Imeniona miaka yote. Haitakasirika."

Shangazi alitazama viatu vyake. "Zile siku zote nilizolala mbali na wewe," alisema, "nilikuwa naziweka kwa ajili ya dirisha lile. Nilikuwa najiambia, angalau zitakuwa na maana."

Bibi hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, akautafuta wa binti yake, akaupata.

"Zina maana. Bila ghorofa hii ningepaonaje? Vuta kiti, ukae utazame na mimi."

"Nitazame nini?"

"Huko huko."

Shangazi alivuta kiti. Walikaa hivyo hadi anga ya tambarare ikaanza kuwa nyekundu na dada wa mapokezi akagonga mlango kuomba ufunguo wake. Usiku Bibi alilala upande wa Kibo kama alivyoahidi, na bandeji ya jicho la pili, miezi kadhaa baadaye, alifunguliwa na kurudishwa kwake siku hiyo hiyo. Shangazi aliendelea kukusanya pointi. Sikumtania tena.

Bibi alifariki akiwa anaona. Miaka mingi baada ya hapo, familia ilikaa Kibosho kujadili kuliuza shamba la chini, maana hakuna aliyekuwa akilihitaji, na babu mdogo, ndugu wa mwisho wa babu yangu, akasema kipande cha mpakani hakiuzwi. Shangazi, aliyeitwa kifungua mimba maisha yake yote, ndiye aliyemuuliza kwa nini. Babu mdogo akajibu kwamba kabla ya shangazi kulikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, aliyekufa kwa homa msimu wa palizi, Bibi alipokuwa amemchukua mgongoni kwenda naye shambani Kahe; joto lilikuwa kali na nyumbani mbali, wakamzika palepale mpakani, na kwa desturi walimlaza uso wake ukielekea Kibo.