Pudini Iliyopindisha Barabara

Hebu mwone Vernelle Tisdale akiwasili. Ukumbi wa michezo wa shule umejaa watu wenye hasira, viti vya chuma vinakwaruza sakafu, mbele kumetundikwa ramani kubwa kuliko shuka la kitanda, na kando yake wamesimama watu wa idara ya barabara na tai zao, nyuso zimeinama kama za watu waliokuja kutoa pole kwa msiba waliouleta wenyewe. Mlango unafunguliwa kwa makalio. Vernelle anaingia kinyumenyume, mgongo ndio unaowasalimu watu kwanza, kwa sababu mikono yote miwili imekamata bakuli la kioo lililofunikwa karatasi ya fedha. Kofia yake ya kanisani imelala upande. Wenzake wote wamekuja kupigana. Yeye amekuja na pudini ya ndizi.

Mchungaji Crutchfield, ambaye alikuwa amefika patamu katika kuilinganisha serikali na Farao, ilibidi anyamaze. Akamwuliza dada Vernelle, kwa ule upole wa mchungaji anayejua kuwa waumini wanamsikiliza, ile pudini ni ya nani. Vernelle akasema ni ya mkutano. Akaulizwa ni mkutano gani unaoletewa pudini. Akajibu kwamba yeye amezaliwa Bonde la Mabry, kabatizwa Bonde la Mabry, kaolewa humohumo mara mbili na wanaume waliokula sana, na hajafundishwa namna nyingine ya kuingia mahali penye watu.

Basi mkubwa wa watu wa barabara, pengine kwa woga, akala. Akaongeza. Akafungua kidogo mkanda wa suruali, akarudi kwenye ramani kueleza jambo lililowaleta: mji wa Hollins umekua, malori yanayopita kwenda majimbo mengine yanaziba katikati ya mji, na sasa itajengwa barabara kuu mpya ya kuuzunguka mji mzima kama pete. Pete hiyo, upande wa kusini, ingepita Bonde la Mabry. Kulikuwa na mistari miwili, mwekundu na wa kijani, na mmoja tu ndio ungejengwa. Mwekundu ulipita juu ya jiko la Vernelle. Wa kijani ulivuka kijito na kupita juu ya jiko la wifi yake, Ozella.

Niwaambieni kidogo habari za hawa wawili, maana bila hivyo mtadhani huu ni ugomvi wa barabara.

Vernelle alipika katika kantini ya shule mpaka watoto aliowalisha wakawa babu. Alikuwa mfupi, mpana, mwimbaji mbaya sana wa kwaya ambaye hakuna aliyethubutu kumtoa, kwa sababu ndiye aliyelisha kwaya. Mume wa kwanza alikufa kwa moyo. Wa pili, Roscoe, alikuwa kaka yake Ozella, naye alikufa kwa moyo vilevile, na Ozella alisema wazi makaburini kwamba moyo wa kaka yake ulizibwa na siagi, na siagi anajua ilitoka jiko gani. Vernelle akamjibu palepale, kaburi bado wazi, kwamba Roscoe alikufa anatabasamu.

Ozella mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu kama fimbo ya pazia, na hakuolewa. Akiulizwa alisema hajamwona mwanaume anayestahili kula paja lake la nguruwe. Alilikausha kwa chumvi na moshi katika kibanda nyuma ya nyumba, akalikata vipande vyembamba kama kurasa za Biblia. Kila Agosti, Jumapili ya Kurudi Nyumbani, waliohamia mbali walirudi kanisani, meza zikapangwa chini ya hema, na wanawake wakasimama kwa mbali wakijifanya wanapiga soga, kumbe kila mmoja anaangalia chombo cha nani kinaisha kwanza. Miaka nenda rudi ilikuwa ama pudini ya Vernelle, ama nyama ya Ozella. Hawakuwahi kuonjana. Kuonja kungekuwa kukiri.

Lakini jioni wakiwa kila mmoja kwenye kibaraza chake, kijito katikati, walitukanana kwa sauti mpaka giza likaingia, na asiyesikia sauti ya mwenzake alivaa viatu akaenda kuangalia kama yu hai. Hicho ndicho kilichokuwa kinaenda kupotea, nyumba yoyote ambayo ingebomolewa.

Jumapili iliyofuata mkutano, kanisa liliweka azimio. Aliyelitoa ni Ozella. Alisimama akasema wapimaji wa barabara watakuja na vyombo vyao vya miguu mitatu na vigingi vyao, na hapa hakuna wa kuwapiga risasi kwa kuwa wenye bunduki wote hawaoni tena vizuri. Kwa hiyo tuwafanyie kitu ambacho Bonde la Mabry halijawahi kumfanyia kiumbe yeyote, hata wakala wa bima: wasipewe chakula. Wasipewe hata maji. Kanisa liliguna kama limesikia habari ya mauaji. Halafu mikono ikapanda, mmoja mmoja, na wa Vernelle ukapanda mwisho, nao haukunyooka.

Wapimaji wakaja Julai. Kiongozi wao aliitwa Dwight Sizemore, mzungu wa makamo mwenye shingo nyekundu na kofia ya chuma iliyombana. Alisimama uani kwa Vernelle akiinamia darubini yake, jua likimpika, akapigilia vigingi vyenye tepe za rangi ya waridi katikati ya mabamia. Vernelle alimtazama kupitia pazia la jikoni, akimwombea mabaya, na maombi yalikwenda vizuri mpaka saa ya chakula cha mchana. Sizemore aliketi chini ya mti wa mpekani, ule wa kokwa, akatoa mfukoni pakiti ya biskuti za chumvi za kituo cha mafuta, akaanza kula. Kavu. Bila kitu cha kushushia.

Vernelle alifunga pazia. Akalifungua. Baadaye aliwaeleza watu kwamba alisikia mwili wote unamwasha. Akapakua sukuma wiki, kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi, akaiweka sahani juu ya nguzo ya uzio, akasema kwa sauti, akiangalia angani, kwamba hicho ni chakula cha paka. Sizemore aliuliza paka yuko wapi. Vernelle akamwambia asiwe na maswali mengi.

Kesho yake paka alipewa maharage na chai ya barafu. Keshokutwa paka alikaribishwa barazani, akavuliwa kofia, akapewa pudini.

Mambo yangeweza kwenda hivyo kimyakimya, kama Sizemore hangebakiza chakula. Mchana mmoja alisukuma sahani, akafuta mdomo, akacheua kwa adabu. Vernelle akamwuliza kama anaumwa. Mtu yule, ambaye hakuwa na akili ya vita hata kidogo, akajibu kwamba haumwi, ni kwamba yule mama mrefu ng'ambo ya kijito huwapa kifungua kinywa, na leo nyama ilikuwa nzuri mno, akajisahau.

Vernelle alienda mpaka ukingo wa kijito bila hata kuvua aproni.

"Ozella. Wewe ndiye uliyesimama kanisani."

"Nilisimama, ndiyo. Nina miguu."

"Ukasema hata maji wasipewe."

"Na maji sijawapa. Nimewapa kahawa." Ozella alikuwa anaanika kitambaa, wala hakugeuka. "Halafu we wifi, usinitolee macho. Harufu ya kuku wako ilivuka hapa tangu juzi. Au kijito kimekuwa bahari?"

Kilichomkera Vernelle, na alikiri hivyo mwenyewe, hakikuwa azimio kuvunjwa. Ni ile sahani kubaki na chakula.

Kuanzia hapo vita vikawa vya wazi. Asubuhi Ozella aliweka mayai, uji mzito wa mahindi na nyama. Mchana Vernelle alijibu kwa mbavu, viazi vitamu na mikate ya siagi. Ozella akahamia chakula cha jioni. Wapimaji walianza kutembea polepole, kama maharusi. Kijana wa vigingi aliposhindwa kuinama, vigingi vikawa vinawekwa vimelala. Mchungaji Crutchfield alikwenda kuwakemea wanawake wale kwa kuvunja azimio la kanisa, akaanzia kwa Vernelle, akaonekana tena saa tatu baadaye akiwa amelegeza kola. Kila mmoja wa wale wawili alijiambia kwamba anafanya ukarimu tu. Lakini kila mmoja, akilala, aliwaza: mtu aliyeshiba kwangu ataniwekaje chini ya lami?

Majira ya baridi ikaja habari. Mstari wa kijani.

Nyumba ya Ozella, kibanda cha moshi, kibaraza, vyote. Barabara ingekuja imenyooka kutoka magharibi, ikifika uzio wa Vernelle ipinde kushoto kama mtu aliyekumbuka kitu, ivuke kijito, impitie Ozella katikati. Ukiitazama kwenye ramani, ule mpindo ulikuwa na umbo la bakuli. Sitasema nani alianza kuuita Kona ya Pudini, ila kufikia Jumapili hata wanakwaya walikuwa wanauita hivyo. Wanaume walimvulia Vernelle kofia na kumwomba aipikie benki pia, ipindishe madeni yao. Mtu mmoja alisimama ibadani kutoa shukrani, akasema Mungu hupindisha njia, na kanisa zima likashindwa kusema amina kwa kicheko.

Ozella hakucheka. Alikuwa ametukanwa mara mbili: nyumba imekwenda, na imekwenda kwa kushindwa mapishi. Alihama kiti chake cha kanisani. Jioni hakutoka barazani. Vernelle alitoka, akakohoa, akarusha tusi moja la kawaida juu ya kijito, la kuhusu miguu ya Ozella. Likaanguka huko, halikurudi.

Sizemore alipokuja kuaga, Vernelle alimkalisha jikoni, akampakulia, akamwacha ameze mara chache, kisha akamwuliza. Alitaka kujua kama ni kweli pudini ndiyo iliyopindisha barabara. Uso wake ulikuwa umejiandaa kwa yote mawili, fahari na aibu.

Sizemore alicheka kwanza, kisha akaona mama hacheki. Akamweleza, mdomo umejaa nusu, kwamba mstari wa kijani ulichaguliwa siku nyingi kabla hajatumwa. Watu waliokaa mezani mbali huko, ambao hawajawahi kukanyaga Bonde la Mabry, waliutazama kwenye karatasi wakaona uko sawa. Ule mwekundu uliwekwa kwa sababu wananchi wakioneshwa mstari mmoja tu wanahisi hawakuulizwa. Yeye alikuwa anapima kote kuwili kutimiza utaratibu tu; jambo lilikwisha kuamuliwa.

"Na ulikuwa unajua?" Vernelle akauliza. "Wakati wote unakula?"

"Nilijua, mama. Niliona nikisema mtaacha kunipa."

Vernelle aliinama mezani, akaiondoa sahani mbele ya Sizemore. Bado ilikuwa na pudini. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kumnyang'anya mtu chakula, na kijiko kilipoanguka hakukiokota. Sizemore aliokota kofia yake, akaondoka bila kuaga tena.

Hakumwambia mtu. Fikiria angesema nini. Bonde zima lilikuwa linatembea kichwa juu kwamba pudini yao imepindisha chuma na saruji za serikali. Awaambie kuwa hakuna aliyewahi hata kuwafikiria?

Siku Ozella alipohama, watu walifanya kama nyumba ina msiba, maana ndivyo ilivyokuwa: kila mtu alileta chakula. Vernelle alisimama jikoni kwake asubuhi nzima. Pudini ingekuwa kejeli. Kuku angekuwa kujisifu. Mwishowe alichemsha sufuria la maharage, chakula kisicho na hatia yoyote, akavuka kijito.

Wanaume walikuwa nje wakipakia lori. Ozella alikuwa peke yake jikoni, kuta zina alama nyeupe pale zilipokuwa picha.

"Hukuleta pudini," alisema.

"Nimeleta maharage."

"Umeogopa." Akavuta boksi kwa mguu. "Kaa hapo. Lina masufuria, litakubeba. Likishindwa, tutajua."

Vernelle akakaa. Ozella alifunua maharage, akatafuta kijiko kwenye mkoba wake, akala. Alitafuna polepole. Akasema chumvi imezidi. Akala tena.

"Ninakoenda ni ghorofa ya tatu," akasema. "Kwa mpwa wangu. Huruhusiwi kuwasha hata kibiriti, sembuse kuvukisha nyama. Nitakuwa nimekaa tu. Sasa nataka uniambie, na usinipake mafuta, mimi si Roscoe. Ni ile pudini?"

Vernelle alitazama zile alama nyeupe ukutani.

"Maana nimeliwaza. Kama ni pudini, sawa. Nitakuchukia mpaka nife, na nitakuwa na la kufanya huko ghorofani. Nitakupigia simu kila jioni nikutukane. Lakini kama si pudini, kama ni mtu tu na kalamu yake, hanijui, hajui nyama yangu, hajui lolote…" Kijiko kikasimama. "Nimchukie nani, wifi? Karatasi?"

Nje dereva alipiga honi, akaambiwa asubiri. Ozella alikuwa amemkazia macho, kichwa kimeinama kidogo, kama alivyoinamisha kila Agosti akiangalia meza za kanisani. Vernelle alifungua mdomo.

Ukweli alikuwa nao, na uongo alikuwa nao, vyote vimekaa kwenye ulimi mmoja. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ungempa kipi?